Rimoti inapandisha sauti ya TV lakini kijiti cha intaneti hakiitikii

Mama wa Ipagala:
Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba msaada kwa jambo lililotushinda hapa nyumbani. TV yetu imechomekwa kile kijiti cha kutazamia filamu kwa intaneti, chenye rimoti nyembamba ya kuzungumzia. Tangu umeme ulipokatika na kurudi, rimoti hiyo inawasha na kuzima TV na kupandisha sauti kama kawaida, lakini nikibonyeza mishale au kitufe chenye alama ya nyumba, hakuna kinachosogea kwenye kioo. Betri nimeweka mpya. Kijana wa dukani amenishauri ninunue ile rimoti ya TV za aina zote, lakini sipendi kutoa fedha kabla ya kujua ugonjwa uko wapi. Je, rimoti imekufa?

Mkazi wa Nkuhungu:
Shikamoo mama, na pole kwa usumbufu. Fungua kamera ya simu, hasa ile ya mbele, uelekeze ncha ya rimoti kwenye kamera kisha ubonyeze kitufe. Ukiona kwenye simu mwanga wa zambarau au mweupe unaopepesa, ambao kwa macho matupu hauonekani, rimoti ni nzima. Usipouona, kagua springi za betri kama zina kutu, kwa sababu betri za bei ya chini huvuja, na vumbi letu la Dodoma kipindi hiki cha upepo halichagui pa kuingia. Pamba yenye spiriti kidogo inatosha kusafishia.

Fundi wa Majengo:
Shikamoo mama. Ndugu wa Nkuhungu amesema vyema, ila kipimo cha kamera hakitamsaidia mama, kwa kuwa jibu lake amekwisha kulipata: sauti inapanda. Rimoti za namna hii zina njia mbili. Kwa TV hutuma mwanga wa infraredi kama rimoti za kawaida. Kwa kijiti, ambacho kimejificha nyuma ya TV mahali mwanga usipofika, hutumia mawimbi ya redio ya Bluetooth, na hayo hayafanyi kazi mpaka rimoti na kijiti viwe vimeunganishwa. Kwa hiyo betri ziko sawa na rimoti haijafa. Kilichopotea ni ule muunganisho. Ushauri wa dukani naupinga kabisa, kwani rimoti ya TV za aina zote hutuma mwanga tu, na Fire TV Stick, yaani kijiti cha kampuni ya Amazon, kwa mfano, haina jicho la kupokea mwanga huo. Fedha ingekwenda na ungebaki pale pale.

Kama chako ni Fire TV Stick, sogea karibu na TV na ushikilie kitufe cha nyumba kwa sekunde 10. Isipokubali, chomoa kijiti kwenye umeme na usubiri sekunde 60. Kisha bonyeza kwa pamoja mshale wa kushoto, kitufe cha mistari mitatu na kitufe cha kurudi nyuma, uvishikilie kwa sekunde 12. Viachie, subiri sekunde 5, utoe betri. Rudisha umeme, subiri tena sekunde 60, rudisha betri, halafu ubonyeze kitufe cha nyumba; taa ya rimoti ikimeta rangi ya buluu, vimeshikana.

Naomba kujua pia kijiti kinapata umeme kutoka wapi. Tundu la kawaida la USB nyuma ya TV hutoa ampea 0.5, ilhali adapta ya kijiti hicho hutoa ampea 1 kwa volti 5. Kikipata umeme pungufu, kinaweza kuwaka na kuonyesha picha, kisha kikasuasua katika mambo mengine.

Mwalimu wa Nzuguni:
Niongeze la kufanya wakati rimoti bado haijarudi. Ingia kwenye mipangilio ya TV uwashe HDMI-CEC, yaani njia ya TV kuwasiliana na kifaa kilichochomekwa kwenye tundu lake la HDMI, ambayo Samsung huiita Anynet+, LG SimpLink na Sony Bravia Sync. Hapo mishale ya rimoti ya TV yenyewe inaweza kuendesha kijiti. Programu ya Fire TV kwenye simu nayo hufaa, mradi simu na kijiti viko kwenye Wi-Fi moja.

Mama wa Ipagala:
Marahaba wanangu, na asante sana mwalimu. Kijiti kilikuwa kinapata umeme kwenye tundu la TV. Sasa nimekichomeka ukutani kwa adapta yake. Kushikilia kitufe cha nyumba peke yake hakukutosha, lakini ile njia ndefu imekubali na mishale inasogea vizuri. Je, usiku nikichomoe?

Fundi wa Majengo:
Kiache, mama. Kikiwa kimelala hutumia umeme kidogo sana. Kichomoe umeme unapokatika, na ukirudi usubiri utulie kwanza kabla ya kukichomeka. Na kama kimebanwa sana nyuma ya TV, tumia ile kebo fupi ya HDMI iliyokuja kwenye boksi lake ili kitokeze kando, mawimbi ya rimoti yakipate kwa urahisi.