Kirikuu inatetemeka nikiachia klachi, na pleti nimebadilisha juzi tu

MzeeWaKreti:
Wakuu habari za saa hizi, naomba msaada. Nina kirikuu, kale kapikapu kadogo, ya manyuo (gia za mkono), nabebea soda na maji huku Goba, sasa nikiweka namba moja nikaachia klachi taratibu gari linatetemeka mwili mzima mpaka kreti huko nyuma zinagongana, likishaondoka linatulia kabisa, namba mbili tatu nne safi. Rivasi ndo balaa zaidi. Klachi pleti nilibadilisha miezi miwili iliyopita, pleti tu, presha pleti (ile inayoibana pleti) fundi alisema bado nzima. Leo fundi huyohuyo anasema ninunue tena pleti, ile ilikuwa feki. Nimechoka kutoa hela.

dogo_plagi:
Misi hiyo mkuu, injini haichomi vizuri, badilisha plagi uje unishukuru

Spana17:
Misi gani hiyo inayosubiri klachi iachiwe? Ingekuwa misi angeisikia hata akiwa amesimama, injini inaunguruma tu bila gia.

MzeeWaKreti usinunue kitu kwanza. Nyanyua siti uione injini, mwambie mtu avute hendibreki, aweke namba moja aachie klachi kidooogo mpaka injini ianze kulemewa halafu akanyage tena, arudie na rivasi. Wewe usikae mbele wala nyuma ya gari. Injini ikiruka upande mmoja, mauntingi (raba inayoshikilia injini) imekatika, na hiyo unabadilisha bila kushusha gia boksi. Tikisa na propela (lile bomba linalozungusha matairi ya nyuma) kwa mkono gari likiwa limezimwa, krosi (viungo vyake) zikiwa zimekufa utasikia inacheza, ila hizo mara nyingi zinapiga "ko!" moja tu wakati wa kuondoka.

Kama hapo kote ni kuzima, hakuna kilichoharibika, ingia chini uangalie pale injini inapokutana na gia boksi. Pana oili? Nyeusi ya injini ni sili (raba ya kuzuia oili) ya nyuma ya krenki, ikiwa na ile harufu kali ya oili ya gia basi ni sili ya mbele ya gia boksi. Pleti ikilowa inashika inaachia inashika inaachia, ndo huo mtetemeko.

MamaHiace:
Naongezea, flaiwili (lile gurudumu la chuma la injini linaloshikwa na pleti) ilichongwa ikawa laini? Mafundi wengi wanapachika pleti mpya kwenye flaiwili yenye madoa ya bluu ya kuungua, haikai sawa hata siku moja. Na wewe acha kushikilia gari mlimani kwa klachi, Goba naijua 😂 vuta hendibreki.

MzeeWaKreti:
Mrejesho wakuu. Mauntingi nzima, propela haichezi, ila chini kuna oili nyeusi imegandana na vumbi. Nimepeleka kwa fundi mwingine kashusha gia boksi mbele yangu, sili ya krenki imechoka, pleti imelowa, na flaiwili ina madoa ya bluu kama alivyosema mama hapo juu, haikuguswa. Kwa hiyo pleti haikuwa feki, sili ndo iliiua. Sasa pleti yenyewe bado nene, nikiiosha na petroli si itapona?

Spana17:
Haiponi. Oili imeshaingia ndani ya ile laining (sehemu ya pleti inayoshika), utaosha itakauka, ukiipa moto mlima mmoja inatoa tena jasho. Weka sili kwanza, flaiwili ipeleke lezi (kwenye mashine ya kuchonga chuma) wachonge kidogo, halafu pleti na presha pleti nunua pamoja. Na mwambie fundi asizishike na mikono ya grisi.