RICE, ICE au gharama ya kuchelewa: nyinyi mwapangaje kazi za timu?

KontenaKilindini: Assalaam alaykum. Tuko sita, twatoa mizigo bandarini na tunatengeneza programu ya kuwaarifu wateja. Kazi 23 ziko ubaoni, na kila mtu ya kwake ndiyo ya haraka. Tumejaribu ICE: faida, uhakika na wepesi, kila kimoja alama 1 hadi 10, kisha unazidisha. Imetushinda. Mwenye sauti kubwa hujipa 9 kote. Nyinyi mwatumia nini?

BintiKisauni: RICE. Watu watakaofikiwa, mara faida (3, 2, 1, 0.5 au 0.25), mara uhakika, gawanya kwa miezi ya kazi ya mtu mmoja. Uhakika una ngazi tatu tu: asilimia 100, 80 au 50, kwa hiyo kujipendelea kunapungua. Ujumbe wa "mzigo umefika": wateja 200 × 2 × 80% ÷ mwezi 1 = 320. Ripoti aliyoitaka bosi: watu 4 × 3 × 100% ÷ nusu mwezi = 24. Bosi aliitazama ile 24, akasema basi ingoje.

FundiBamburi: MoSCoW yatutosha: lazima, yafaa, ikiwezekana, si safari hii. Ila "lazima" zisizidi asilimia 60 ya nguvu za timu, la sivyo zote zitakuwa lazima.

MzeeWaTudor: Binti, hesabu yako ni safi, lakini haina kalenda. Siku za bure za kukaa bandarini zikiisha, kontena hutozwa kila siku inayopita. Kwetu kazi ya kuonyesha siku zilizobaki ilitoka ya saba kwa RICE, maana ilihusu wateja wachache. Tukaiacha. Mteja wa vigae akaja na ankara ya kontena mbili, akaiweka mezani, akailaza vizuri kwa kiganja, hakusema neno. Tangu hapo twatumia WSJF: gharama ya kuchelewa gawanya kwa ukubwa wa kazi.

BintiKisauni: Shikamoo mzee. Hapo nimekubali. Kwa kazi zenye tarehe, RICE haioni.

KontenaKilindini: Kwetu kazi hiyo hiyo ni ya 14! Naipandisha leo. Gharama mwaiandika kwa shilingi au kwa alama?

MzeeWaTudor: Marahaba binti. Kontena, ukiwa na ankara, andika shilingi. Huna, ipe kazi yenye gharama ndogo kabisa ya kuchelewa alama 1, nyingine uzipime kwa hiyo.