Msaada: kokteli yangu ya tango inatoka chungu na maji maji, nakosea wapi?

dada_wa_pipeline

Wadau habari zenu. Naomba msaada kabla Jumamosi ifike. Joto ya Januari mnaijua venye iko hapa Nairobi, sisi tuko ghorofa ya mwisho, mabati iko juu ya kichwa na dirisha ni moja, mchana hata maji ya mfereji inatoka vuguvugu. Sasa dadangu anakuja kutoka Eldoret na marafiki zake wawili, sijamuona tangu Agosti na nataka nimkaribishe na kitu baridi, kitu nimetengeneza na mikono yangu. Mwaka jana kwa harusi fulani huko Karen nilipewa kokteli ya tango na ndimu na mpaka leo sijasahau, ilikuwa nyepesi, baridi, harufu ya tango inakufikia kabla mdomo uguse glasi.

Jumapili nikajaribu. Nilinunua matango matatu kwa mama mboga, nikaosha, nikakatakata na maganda yake nikatupa kwa blenda pamoja na barafu, ndimu mbili nimepasua tu vipande vinne vinne, vijiko vinne vya sukari na jini kama robo ya mzinga, nikasaga yote nikamimina kwa jagi nikaweka kwa friji kutoka asubuhi ndio jioni nikute iko tayari. Jioni nafungua nakuta juu kuna povu zito la kijani, katikati maji, chini sukari imekaa vile niliiweka. Na uchungu wa kubaki kwa ulimi. Jirani yangu alionja akaweka glasi chini pole pole, niliumia kwa kweli ju nilikuwa nimetumia pesa na siku yangu ya kupumzika.

Sina vifaa vya baa, niko na blenda, grata, chujio ya chai na chupa za glasi zenye vifuniko. Na kitu ingine, kati ya hao marafiki mmoja hanywi pombe kabisa na mwingine ni mjamzito, na sitaki wao wapewe soda ya kawaida wakati wengine wanakunywa kitu kimepambwa. Nifanyeje?

kaunta_westi

Pole dada. Mimi nimesimama nyuma ya kaunta hapa Westlands huu mwaka wa tisa na nakuhakikishia hiyo yako haikuharibikia mahali pamoja, iliharibikia mahali kama matatu kwa wakati mmoja na zote zinarekebishika.

Ya kwanza ni hizo ndimu. Ukisaga ndimu nzima unasaga ile nyama nyeupe iko chini ya ganda na mbegu pia, na uchungu mwingi ulionja ulitoka hapo. Ndimu inakamuliwa, haisagwi. Na inakamuliwa siku hiyo hiyo, ya jana inakuwa imeshachoka.

Ya pili ni sukari. Sukari haiyeyuki vizuri kwa kitu baridi na ukiongeza pombe ndio inakataa zaidi. Chukua glasi moja ya sukari na glasi moja ya maji, weka kwa sufuria, koroga mpaka chembe zipotee, toa kabla haijaanza kutokota sana, ipoe. Hiyo ndio sirapu na kwa friji inakaa wiki mbili bila shida kama chupa ni safi.

Ya tatu, na hii ndio watu wengi hawaamini mpaka waone, tango halipendi kungoja. Karibu asilimia 95 ya tango ni maji, sasa ukilisaga na barafu halafu uliache masaa nane, barafu inayeyuka inaongeza maji juu ya maji na nyuzi zinapanda juu ndio hilo povu uliliona. Harufu yenyewe inaenda mapema. Tengeneza ikikaribia saa ya kunywa, ama angalau kamua juisi lisaa limoja kabla, si asubuhi.

Sasa glasi moja, venye mimi huifanya. Vipande vitano vya tango vya unene wa kidole kidogo, weka kwa hiyo chupa yako yenye kifuniko, ponda na mpini wa mwiko mpaka maji yatoke. Weka majani sita ya nanaa lakini hayo usiyaponde kwa hasira, yabonyeze tu mara mbili tatu, jani la nanaa likiraruka linatoa uchungu kama wa nyasi. Ndimu ya kukamuliwa vijiko viwili vya mezani visijae sana, sirapu hivyo hivyo, jini vijiko vinne ambayo ni mililita 60, yaani toti mbili. Jaza barafu, funga, tikisa kwa nguvu ukihesabu mpaka 15, chupa ikianza kutoa jasho ujue imefika. Chuja na hiyo chujio ya chai kwa glasi iko na barafu mpya, si ile ulitikisia. Juu ongeza soda wota kidogo kama unapenda mapovu. Halafu chumvi, na usiniulize mara mbili, chembe za kushika na vidole viwili tu. Chumvi kidogo inanyamazisha uchungu na inafanya tango lisikike tango.

shamba_kitengela

Kaunta ameongea vizuri ya ndimu ila naomba nitetee pia upande wa tango lenyewe, maana mimi ninayakuza kwa grinihausi na hii lawama huwa inatufikia. Uchungu wa tango ni kitu kinaitwa kukabitasini, mmea wenyewe unakitengeneza kujikinga na wadudu, na mmea ukipata jua kali na ukose maji kwa mpangilio unakiongeza. Sasa Januari kama hii mkulima akiruka siku mbili za kumwagilia, wewe mwenye kununua ndio utasikia kwa ulimi. Kinajaa zaidi upande wa kikonyo na chini ya ganda. Kwa hivyo kata upande wa kikonyo vidole viwili utupe, halafu ramba kipande kinachofuata kabla hujaweka kitu yoyote kwa blenda. Kama bado ni chungu sana tupa tango lote, usilazimishe na sukari, tango chungu kabisa linaweza kukuvurugia tumbo. Najua watu husugua ile ncha mpaka itoe povu, hata mamangu alikuwa anafanya hivyo, lakini mimi nakata tu.

Kwa kununua, usichukue lile nene limeanza umanjano, hilo limezeeka, mbegu ni ngumu na ladha imekuwa chachu. Chukua la kijani kilichokolea, gumu kutoka ncha hadi ncha, unene wa mpini wa jembe hivi. Ukiweza kudamka nenda Marikiti asubuhi, utachagua bila haraka. Na ganda usimenye lote, menya mistari, acha mstari umenye mstari, hapo utabaki na rangi bila ule uchungu.

bintimvita_southc

Assalam aleikum, na wewe dada wa Pipeline hongera kwa kumfikiria huyo asiyekunywa na huyo mja mzito, watu wengi huwasahau kabisa.

Mimi sinywi pombe ila tango na ndimu ndiyo sharubati ya nyumbani kwetu tangu Mombasa, kwa hivyo nitakwambia upande huo. Hiyo mnayoita sirapu sisi twaiita shira, ile ile ya kaimati. Ukiipika tia kipande cha tangawizi kilichopondwa na iliki mbili, iache ipoe nayo humo humo kisha uchuje. Hapo tu kinywaji kishapata mwili, maana mtu asiye na pombe akipewa maji ya tango na ndimu matupu ataona kama kuna kitu kimetolewa. Tangawizi ndiyo inayoziba hilo pengo, inachoma koo kidogo, na mtu anakinywa polepole kama mnavyokunywa chenu.

Na nakuomba kwa dhati, usichanganye pombe kwenye jagi. Tengeneza jagi moja safi la wote, tango, ndimu, shira na chumvi kidogo, kisha kila anayetaka jini atiliwe kwenye glasi yake. Vijiko na chujio vitumike upande wa wasiokunywa kwanza. Nimewahi kwenda mahali nikaambiwa "hii haina", nikanywa nusu kabla ya kujua imo, na hadi leo nikikumbuka roho hunisononeka. Mgeni asipewe mashaka.

Ukikosa blenda, ama stima ikipotea, likune tango kwa grata, tia chumvi kidogo, liache dakika kumi litoe maji, kisha likamue ndani ya kitambaa cheupe kisafi. Juisi yake hutoka angavu kuliko ya blenda, haina povu hata chembe.

dada_wa_pipeline

Asanteni sana jameni, kumbe nilikuwa nasaga uchungu na pesa yangu! Bintimvita nimeshika hiyo ya jagi, nitafanya hivyo kabisa. Maswali mawili. Huku kwetu nanaa ni ngumu kupata, dania iko kila mahali, naweza weka dania? Na tukiwa watu sita natengeneza jagi kiasi gani, sitaki kuanza kutikisa chupa moja moja na wageni wameketi.

mpishi_wa_kayole

Dania usiweke dada. Dania ni nzuri kwa kachumbari, na kachumbari ndio kila mtu atakumbuka akiinusa, harufu ya nyama choma itakuja kichwani. Bora ukose majani kabisa kuliko hiyo.

kaunta_westi

Hapo Mpishi simuungi mkono asilimia mia, kuna watu hutia dania na ikakubali, lakini kwa mara yako ya kwanza na wageni sikiza yeye. Ukipata mrehani ni sawa kuliko dania. Nanaa jaribu City Park pale Parklands, ama wenye wanauza majani ya chai ya viungo Eastleigh, kifungu kimoja kinatosha na ukikiweka kwa glasi ya maji kama maua kinakaa siku kadhaa. Vijiti vyake usitupe, panda kwa mkebe, nanaa inashika haraka sana.

Jagi ya watu sita: matango makubwa mawili mpaka matatu yakupe kama mililita 400 za juisi iliyochujwa, ndimu saba ama nane ndogo zikupe mililita 150, na sirapu mililita 150. Koroga, onja, weka friji lisaa limoja. Usiweke barafu kwa jagi hata kama inakuwasha mkono, barafu ni ya glasi. Kila glasi mimina nusu, ongeza toti moja na nusu ya jini kwa wanaokunywa, na soda wota kwa wasiokunywa. Sipendekezi toti mbili hapo ju jua ni kali na tango linaficha pombe, mtu anakunywa glasi tatu akifikiria ni juisi halafu akisimama ndio anajua. Kama kuna mwenye anaendesha gari kurudi, awe upande wa Bintimvita.

Na juisi ikibaki, mimina kwa trei ya barafu ugandishe. Hizo barafu za tango ukizitumia kwa glasi ya pili zinayeyuka bila kuharibu ladha. Hiyo ndio siri yangu kubwa na nimekupa bure.

langata_rd

Kama jini si ya kila mtu kuna njia nyingine ambayo ni yetu kabisa. Kokteli inaitwa Dawa. Ile ya mkahawa wa Carnivore, vodka, ndimu, asali na sukari juu ya barafu na kile kijiti cha asali cha kukorogea. Wenye kuijua historia wanasema chimbuko lake ni kaipirinya ya Brazil, ambayo wao hutengeneza na pombe ya miwa. Mimi hurudisha miwa, natumia Kenya Cane badala ya vodka, naponda vipande vitatu vya tango pamoja na robo ndimu mbili, barafu ya kupondwa, basi. Hapa ndimu inapondwa na ganda lakini inabonyezwa tu, haisagwi na blenda, unataka yale mafuta ya ganda na si ule weupe.

Asali ukiiweka moja kwa moja kwa kitu baridi inaganda kama gundi chini ya glasi. Changanya kwanza na maji ya moto kiasi sawa na yenyewe, ipoe, ndio uitumie. Kwa huyo mjamzito ondoa pombe uache hayo mengine, ni tamu bado.

Na popote utakaponunua chupa, kagua stempu ya KRA, wale wa ushuru, kwa kifuniko na usikubali bei ya kushangaza. Pombe bandia imepofusha na kuua watu nchi hii, usilete mezani kwa dadako kitu hujui kilikotoka.

dada_wa_pipeline

Nimerudi, ni Jumapili usiku na nyumba ndio imenyamaza. Nilidamka nikaenda Marikiti saa kumi na mbili, nikachagua matango venye mwenye shamba alisema, moja nililamba nikakuta chungu nikatupa, kwa hivyo nilinunua matatu nikabaki na mawili. Nanaa nilipata City Park. Shira nilipika na tangawizi na iliki. Jagi lilikuwa rangi ya kijani ya maji ya bahari kwa picha, bila povu.

Huyo rafiki hanywi ndiye alimaliza glasi ya kwanza, akauliza kama kuna ingine. Mjamzito alitaka aandikiwe. Na dadangu alikaa pale mlangoni penye kaupepo kanapita, glasi mkononi, akasema hajasikia baridi tangu ashuke matatu, tukaongea mpaka saa saba usiku.

Kitu kimoja tu. Glasi za mwisho, kama saa tano hivi, zilikuwa zimepoteza ile harufu ya tango, ladha ya ndimu ndio ilikuwa mbele. Hiyo ni kawaida?

kaunta_westi

Kawaida kabisa, juisi ilikuwa imekaa zaidi ya masaa manne. Wakati mwingine gawa mara mbili, tango la pili ulikamue wageni wakiwa katikati. Ama kata utepe mrefu wa tango na kile kisu cha kumenyea viazi uubandike ndani ya glasi kabla ya barafu, pua itapata tango hata kama jagi limechoka.

bintimvita_southc

Alhamdulillah. Huyo mja mzito mwandikie, na umwambie iliki mbili tu, zikizidi zinafunika tango.