Ushauri: mdogo wangu kamaliza form four, kila kazi anaambiwa hana uzoefu, mama anataka arudie mtihani

Ukhti_Fuoni:
Assalaam alaykum wanajamvi. Nina mdogo wangu wa kiume kamalizia skuli Wete, Pemba, kapata division four ya point 28. Nikamleta Unguja akae kwangu atafute kazi, nshampeleka hoteli za Nungwi na za Paje, kote wanataka sivii na uzoefu. Juzi nilikuwa namsubiri nje, katoka uso umemshuka, namuuliza wamekuuliza nini, ananambia wamemuuliza mgeni akija mapokezi anasema AC inadondosha maji kitandani utafanya nini. Kanyamaza kimya mpaka wakamwambia basi nenda. Namwambia si ungesema hata pole, ananijibu "sikujua jibu lenyewe lipi". Yaani yuko mbele ya mtu mzima anamuona kama karatasi ya mtihani!

Sasa nyumbani mzozo. Mama anataka arudie mtihani, ami yetu anasema aende chuo cha mafunzo ya amali akasomee ufundi wa friji na AC, mwenyewe kang'ang'ania hoteli kwa kuwa rafiki zake wako huko. Pesa iliopo ni ya njia moja tu. Na nauliza kweli, hawa watoto skuli inawatayarisha kwa kazi au kwa mtihani?

SupavaizaKendwa:
Mie ndo nnaewahoji vijana kama hao, na division sijawahi kumuuliza mtu. Hilo suali la AC hata mie nauliza. Muombe radhi mgeni, chukua namba ya chumba, muite fundi, kisha rudi umwambie mgeni fundi anakuja saa ngapi. Hilo la mwisho karibu wote hawalisemi. Ila na msimu muuangalie, masika ya Aprili na Mei huku hoteli nyingi zinapunguza watu na nyengine zinafunga kabisa, na wa mwanzo kuambiwa kapumzike ni yule asie na ufundi wowote. Fundi wa AC wakati huo ndo ana kazi, wageni hawapo, zinafunguliwa zote zinasafishwa.

MwalimuMchovu:
Jamani tusibebeshwe kila kitu sisi. Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 imesema hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kingereza kuanzia darasa la tano, na akifika sekondari ndo karibu masomo yote. Nauliza suali darasani, mtoto jibu analo kwa Kiswahili, kwa Kingereza hana, basi anainama. Akiinama miaka yote hiyo anazoea, ndo huyo mdogo wako. Na mtihani wa NECTA hauna suali la kuzungumza, kisichotoka kwenye mtihani nani atapoteza kipindi kukisomesha, wazazi wenyewe watakuja juu.

Kuhusu kurudia, mwambie mama aache kutizama division, atizame C ana ngapi na za masomo gani, maana form five wanataka C tatu. Kama ana mbili na moja ilimponyoka arudie hilo moja. Kama ana moja tu mie nisingempeleka.

FundiFriji:
Ami yenu kasema kweli lakini na amali msiende mmefumba macho. Mie napokea vijana wa fildi, wanaoletwa na vyuo kujifunza kazi, kila mwaka. Mmoja kaja na cheti kizuri tu, nikampa friji haigandishi, kachukua mtungi kajaza gesi kamrejeshea mwenyewe. Kesho yake friji imerudi. Hakutafuta gesi ilipotokea, hakupaka hata povu la sabuni kwenye maungio ya paipu aone linapofura! Kasomeshwa kujaza, hakusomeshwa kujiuliza ya mwanzo imekwenda wapi. Alivokaa gereji ndo akajua, sasa hivi namtuma peke yake. Kwahiyo kabla ya kulipa nendeni siku ya kazi mkaitizame karakana, mkikuta vyombo vimefunikwa nailoni vina vumbi geuzeni.

Bwana_Kaskazi:
Fildi yenyewe siku hizi si kuchemsha chai na kutoa kopi? Mtoto wa dada angu kamaliza fildi yake kwenye afisi moja, katoka anajua nani anatia sukari vijiko vingapi.

KondeKwetu:
Ukhti samahani, huyo kijana msimu wa karafuu anafanya nini?

Ukhti_Fuoni:
Huwa yuko kwa ami, yeye ndo anaeshika daftari. Jioni anawapimia wachumaji pishi zao, anaandika kila mtu na chake, analipa, na mchana anaangalia majamvi mvua isije ikazikuta karafuu nje. Tokea form two.

KondeKwetu:
Sasa hana uzoefu vipi huyo?? Kashika pesa za watu, kabishana na watu wazima wanaosema pishi ya leo umeijaza mno, na ami bado anamuachia daftari. Kwenye sivii kaandika nini?

Ukhti_Fuoni:
Kaandika "sina". Na chini anapenda mpira.

SupavaizaKendwa:
Yakhe! Mie stoo nahangaika na vijana hawajui kuandika kilichoingia na kilichotoka. Aandike hivohivo, alikuwa anapima, anaandika, analipa wachumaji wangapi kwa siku, misimu mingapi, na ami atiwe mdhamini na namba yake ya simu. Akiulizwa aseme kwa Kiswahili kwanza kama Kingereza kinamkwama, sie wenyewe tunaohoji wengi wetu Waswahili.

Bwana_Kaskazi:
Mnampa moyo tu, hoteli bila mtu wa kukushika mkono huingii.

FundiFriji:
Wengine tumeingia bila ya mtu. Ukhti, kijana mwenye daftari kama hilo mie nampokea hata kesho ila mshahara wa kuanzia ni mdogo, nisikufiche.

Ukhti_Fuoni:
Allah awalipe nyote. Tumekaa nae jana usiku tumeiandika sivii upya, kujieleza bado anasema kwa sauti ya chini lakini anasema. C anayo moja tu, mama nshamwambia kanuna. Naona tumpeleke amali hukohuko Pemba, hoteli tutajaribu akishapata ufundi. Ami anasema kituo cha amali cha Vitongoji, kuna mtu ana mtoto pale?

KondeKwetu:
Kama kwenu Wete mbona hamuangalii Daya Mtambwe, si ndo karibu zaidi? Ulizia kwanza fani ya friji inasomeshwa kituo gani. Ikiwa Vitongoji basi atafutiwe pa kukaa Chake, kwenda na kurudi Wete kila siku nauli itakula ada.