Chuo kikuu binafsi cha "kazi mkononi": nimpeleke binti?

Mama Chumbageni: Wadau, binti yangu kamaliza kidato cha 6, kapata chuo kikuu binafsi Dar, kozi ya ugavi. Kipeperushi kinasema "utatoka na kazi mkononi". Ada si mchezo, nami nauza mbaazi na mahamri. Nimpeleke?

Fundi Ngamiani: Dada, kipeperushi hakiajiri mtu. Angalia TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, kama kozi yenyewe ina ithibati, si chuo tu. Bodi ya Mikopo hukopesha hata wa vyuo binafsi.

Kijana wa Bandari: Mafunzo kwa vitendo anafanyia wapi? Huku tunaletewa wengine hawajawahi hata kuishika hati ya shehena!

Mama Chumbageni: Ithibati ipo. Vitendo, wanasema "atajitafutia". Mmh.

Kijana wa Bandari: Vyuo vingi ndivyo vilivyo, hata vya serikali. Alete barua ya kuomba mafunzo mapema, nafasi hujaa.