Golf GTI Mk5 ya 2006, Malindi: programu ya injini, springi fupi, au mkanda kwanza?

Mwanasabaki
Salaam wakuu. Nimechukua GTI Mk5, injini ya AXX 2.0 TFSI, giaboksi ya DSG (otomatiki ya klachi mbili), kilomita 118,000, halina rekodi yoyote ya sevisi. Kazi yake ni hapa mjini na Mombasa mara mbili kwa mwezi. Pesa iliyopo inatosha jambo moja: programu ya stage 1 (kuandika upya kompyuta ya injini ili iongeze nguvu), springi fupi za kushusha gari, au mkanda wa taimingi na sevisi kubwa. Mngeanza na lipi?

Fundi_Shela
Mkanda, ndugu yangu. Mkanda wa injini hii ukikatika, pistoni hugonga vali na kichwa cha injini kinaharibika. Gari lisilo na rekodi lihesabu halijabadilishwa kamwe. Weka seti nzima: mkanda, tenshena, rola na pampu ya maji. Pampu inazungushwa na mkanda huohuo, ikivuja baadaye utalipa kazi ileile mara ya pili.

Ila kabla ya mkanda, kagua foloa ya pampu ya petroli. Ni kikombe kidogo cha chuma kinachokaa kati ya kamshafti ya inteki na pini ya pampu ya presha kubwa. Injini iwe baridi, toa presha kwanza huku umefunika kwa kitambaa, legeza paipu kwa spana ya 17, kisha fungua boliti tatu za Torx T30. Uso wa foloa nzima ni mweusi. Ukiona weusi umelika katikati na chuma kinang'aa, weka mpya. Ikitoboka, pini husaga kamu yenyewe, na hapo utanunua pampu na kamshafti pia. Rudia kukagua kila kilomita 15,000.

Bint_Gede
Naunga mkono, lakini tusiiseme vibaya programu. Gari hili limetoka kiwandani na nguvu za farasi 200 na toku ya Nm 280, na kwa pesa hiyo hakuna kitu kingine kinacholibadilisha vile. Tatizo ni kuipandisha juu ya spea zilizochoka.

Angalia valvu ya tabo (tabo ndiyo inayosukuma upepo ndani ya injini), ile ya kuachia upepo. Za mwanzo zina mpira ndani, na mpira huo hupasuka. Gari linakuwa zito na mashine ya kusoma hitilafu inaonyesha P0299, yaani upepo wa tabo hautoshi. Nunua toleo ambalo namba yake ya spea inaishia na herufi D, lina pistoni badala ya mpira. Ukiandika programu huku upepo unavuja, tabo itazunguka kupita kiasi kufidia.

Halafu plagi na koili. Injini ikimisi asubuhi tu kisha ikatulia, shuku masizi kwenye vali za inteki. Petroli ya injini hii inamwagwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya vali hizo kuziosha. Masizi hayatoki kwa dawa ya kutia tangini, inteki lazima ifunguliwe.

Na mwandishi wa programu mwambie aandike ya RON 95 (kipimo cha okteni ya petroli). Faili ya RON 98 kwa petroli yetu na joto hili itafanya injini igonge, kompyuta irudishe taimingi ya cheche nyuma, na zile nguvu ulizolipia usizione.

Mwanasabaki
Shukran dada. Na oili ya DSG? Aliyeniuzia asema ni ya maisha.

Fundi_Shela
Si ya maisha. Hii ya gia sita ina klachi zinazoogelea kwenye oili, hubadilishwa kila kilomita 60,000 pamoja na filta yake. Huingia lita 5 na kidogo. Kiwango hupimwa injini ikinguruma na oili ikiwa kati ya nyuzi 35 na 45, kwa hiyo fundi asiye na mashine ya kusoma joto usimpe. Giaboksi hii ilikadiriwa Nm 350, na programu nyingi za stage 1 hufika hapo au kupita. Oili chakavu haitastahimili.

Ngomeni_17
Springi fupi ziweke mwisho kabisa. Matuta ya barabara ya Mombasa yatakuletea sampu (bakuli la oili chini ya injini) iliyopasuka. Kagua bushi za nyuma za mikono ya mbele, ndizo hupasuka na kufanya usukani uyumbe ukifunga breki. Shoki mpya za saizi ya kawaida zitalishika gari vizuri kuliko springi fupi juu ya shoki kuukuu.

La pili, chumvi. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi, na watu huoshea magari maji hayohayo, wanapaka chumvi juu ya chumvi. Osha kwa maji ya mfereji, hasa chini: paipu za breki, ukingo wa matao ya magurudumu, plagi za waya. Kwenye rejeta usitie kisima hata tone. Tia kulanti ya G12 na maji safi ya betri (yasiyo na madini, si asidi), nusu kwa nusu.

Bint_Gede
Oili ya injini ni lita 4.6 ukibadilisha na filta, 5W-40 yenye namba VW 502.00 kwenye kibandiko. Hapa Pwani badilisha kila kilomita 7,500, usingoje 15,000. Diski za mbele ni za milimita 312, pima unene kabla ya kuagiza padi.

Mwanasabaki
Sawa. Jumamosi nafungua foloa, nitaweka picha. Mkanda na DSG mwezi huu, programu itangoja.

Fundi_Shela
Nunua foloa mpya na oringi ya pampu kabla hujafungua. Oringi ya zamani ikirudi, itatoa oili.