Mark X 350S ya kilomita 196,000, B4 GT au BMW 335i: nichukue ipi?

Kaka wa Kimara
Wakuu, habari za humu. Nina milioni 25, natafuta sedani yenye nguvu. Kazi yangu inanipeleka Dodoma karibu kila wiki, siku nyingine ni ya mjini tu. Nimezunguka yadi na kwa watu binafsi mpaka zimebaki tatu.

Ya kwanza Toyota Mark X 350S ya 2010, V6 ya lita 3.5, farasi 318. Imetembea 196,000. Ipo Arusha, mwenyewe anataka milioni 21, ana daftari la sevisi na risiti.

Ya pili Subaru Legacy B4 2.0 GT ya 2006, yenye turbo (feni inayosukuma hewa kwenye injini), otomatiki, 118,000. Milioni 13.5. Ipo kwa dalali, karatasi za nyuma hana, anasema tu gari haina shida.

Ya tatu BMW 335i ya 2008, 141,000, milioni 18. Ndani safi sana. Taa ya injini inawaka, mwenye gari anasema ni sensa.

Moyo uko kwenye 350S ila hiyo 196,000 inanitisha, na mke wangu anauliza kwa nini ninunue gari iliyochoka. Naomba wanaozijua hizi gari waniambie, si kuniambia nichukue IST.

Fundi Tabata
Mkuu, anza kwa kugawanya. Gari ya 2010 yenye 196,000 imetembea kama 13,000 kwa mwaka. Hayo ni matumizi ya kawaida, na kama ilikuwa inapiga Arusha na Dar, kilomita nyingi ni za njia kuu ambako injini haiumii kama kwenye foleni ya Ubungo. B4 yako ni kama 6,000 kwa mwaka. Inawezekana, ila bila karatasi huwezi kujua kama ni kweli. Angalia raba ya pedali ya breki, usukani, na ubavu wa kiti cha dereva pale mtu anapojisugua akipanda. Vikiwa vimelika kuliko namba inavyosema, namba inadanganya.

Sasa injini. 350S inatumia injini ya 2GR-FSE. Ina nozeli za petroli za aina mbili, moja inapuliza ndani ya silinda na nyingine kwenye njia ya hewa, kwa hiyo petroli inaosha valvu. Injini ya 4GR ya Mark X 250G, yaani ile ndogo ya lita 2.5, inapuliza ndani tu, ndiyo maana inajaza kaboni kwenye valvu na kuanza kutetemeka ikiwa sailensa, yaani imewashwa bila kukanyaga mafuta. Zote ni za cheni, hakuna belti ya taimingi ya kubadilisha.

Vya kuangalia kwenye 350S: wotapampu (pampu ya maji), ikivuja inaacha ukoko wa rangi ya waridi chini yake. Koili za plagi. Bushi za mbele. Na gia za kemu, yaani shafti inayofungua valvu, ambazo zikichoka zinakwaruza sekunde moja au mbili gari ikiwashwa ya baridi, halafu kelele inakata. Hiyo ndiyo kazi ya gharama, maana lazima mbele ya injini ifunguliwe.

Mdau wa Nairobi
Nawasalimu kutoka huku. Niseme kuhusu B4 kwa sababu hizi tumeishi nazo. Kenya gari iliyozidi miaka minane haiingii tena kutoka nje, kwa hiyo kila B4 ya 2006 unayoiona huku imeshapita mikono mingi, na wengi wao walikuwa vijana wa mwendo. Ukipata ambayo haijaguswa ni gari tamu mno, imeshika barabara kwa magurudumu yote manne na mvua haikusumbui.

Lakini belti ya taimingi hubadilishwa ikifika kilomita 100,000. Yako ina 118,000 na hakuna risiti. Ikikatika, valvu zinakutana na pistoni na injini imekwisha. Kitu kingine ni vile vichujio vidogo vilivyo ndani ya boliti za bomba la oili linaloenda kwenye turbo. Oili ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa vinaziba, turbo inakosa oili na inakufa. Turbo hizi zilitengenezewa petroli ya juu ya Japani, oktani 100. Mtu aliyekuwa anaweka ya bei rahisi na kukanyaga sana ameshaziumiza pistoni bila kujua. Bila kupima kompresheni, yaani presha ndani ya silinda, usitoe hata shilingi.

Binti Injinia
335i naomba niiseme kwa heshima, kwa sababu kwa kuendesha inazishinda zote mbili hapo. Ila ya 2008 ina injini ya N54, turbo mbili, na udhaifu wake unajulikana dunia nzima. Pampu ya petroli ya presha kubwa ilisumbua mpaka mwaka 2010 BMW wenyewe wakayaita magari kurudi gereji kule Marekani. Kuna nozeli ambazo bei yake inatisha, pampu ya maji ya umeme ambayo hufa bila taarifa, na gasketi ya nyumba ya filta ya oili inayodondoshea oili kwenye belti ya mbele.

"Ni sensa tu" si jibu. Kama ni sensa, angeibadilisha kabla ya kuuza. Mwambie muipime pamoja kwa mashine, usome namba za hitilafu kwa macho yako. Gari hii inataka mtu mwenye fundi anayeijua na pesa ya matengenezo mfukoni hata baada ya kuilipia. Kwa milioni 25 yote, wewe hutakuwa na hiyo.

Mzee wa Njia Kuu
Mimi natofautiana kidogo. Kijana anaenda Dodoma kila wiki, mwendo wa vijijini ni 50, matuta kila mahali, tochi za trafiki za kupima mwendo kila kona. Farasi 318 atazitumia wapi? Achukue 250G yenye kilomita chache, abaki na pesa. Tairi za 350S ni za inchi 18, na kwenye foleni hiyo lita 3.5 inakunywa hasa.

Fundi Tabata
Mzee wangu, hoja ya mafuta ni ya kweli. Ila nguvu inamsaidia pale anapolipita lori kwenye mlima na kurudi upande wake mapema, hiyo ni usalama. Na 250G yenye kilomita chache bila daftari naiogopa kuliko 350S yenye risiti.

Kaka wa Kimara
Asanteni sana. B4 na BMW nimeziacha. Muuzaji wa Arusha amenitumia picha za risiti: oili ya injini kila 5,000, plagi zimebadilishwa, wotapampu mpya. Ila oili ya giaboksi sioni popote. Wengine wananiambia kwa kilomita hizo nisiiguse, nikibadilisha giaboksi itaanza kuteleza. Ni kweli?

Fundi Tabata
Giaboksi inayoteleza baada ya kubadilishiwa oili ilikuwa imeshakufa, oili chafu ndiyo ilikuwa inaishikilia. Nzuri haifi kwa oili safi. Usikubali oili ya zamani isukumwe yote kwa mashine. Fungua nati ya chini, oili inatoka kiasi tu, weka ATF WS (oili ya giaboksi ya Toyota) kiasi kilekile, tembea wiki chache, rudia. Kabla ya kununua chukua tone uliweke kwenye tishu nyeupe. Ikiwa ya kahawia, bado kuna mazungumzo. Ikiwa nyeusi yenye harufu ya kuungua, au ukiona unga unaong'aa, rudi nyumbani.

Na zile milioni nne zinazobaki usizipangie kitu kingine. Milioni tatu ni za tairi, bushi na hiyo giaboksi.

Binti Injinia
Ukienda Arusha lala hukohuko. Mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike alfajiri, kisha weka mkono juu ya boneti kabla hujamwambia awashe. Ikiwa ya moto, ameshaificha ile kelele ya kemu aliyoisema fundi, na utalazimika kusubiri mpaka kesho yake.

Kaka wa Kimara
Nimempigia sasa hivi, amekubali. Ijumaa naondoka, fundi wa Arusha atanikuta pale saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi.